Picha ya Nyota na Aya ya Qur'an

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mmeiona ile picha ya ua jekundu angani, ambayo chini yake imeandikwa aya ya 37 ya Suratur-Rahman. Husemwa kuwa wanafalaki wameipiga picha mbingu iliyopasuka ikawa waridi, basi mwenye kukanusha na asilimu. Nia ni njema, lakini haimwondolei msemaji wajibu wa kuhakikisha.

Kilichomo pichani ni nebula iitwayo Jicho la Paka, NGC 6543, iliyo umbali wa miaka ya nuru 3,000 hivi. William Herschel aliiona mwaka 1786. Kwa kuwa nebula za aina hii zilionekana duara mfano wa sayari, ziliitwa "nebula za kisayari", ijapokuwa hazihusiani na sayari hata chembe. Mwaka 1864 William Huggins aliichambua nuru yake akakuta ni gesi. Hiyo ni nyota iliyozeeka, ikavua matabaka yake ya nje, na kiini chake chenye joto kali kikaiangaza gesi ile. Umri wa wingu lenyewe wakadiriwa kuwa miaka 1,000 tu.

Na ule wekundu? Darubini ya Hubble iliipiga picha mwaka 1994 kwa vichujio vya nuru ya haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Nuru zote tatu kwa asili ni nyekundu. Wataalamu waliiacha moja nyekundu, nyingine wakaipa buluu na nyingine kijani, ili zipambanuke. Anayeitazama nebula hiyo darubinini kwa jicho lake huiona ina ukijani. Je, hoja ya dini isimamishwe juu ya rangi iliyochaguliwa na mafundi?

Tena isomeni aya pamoja na zinazoifuata. Wafasiri wameieleza kuwa ni habari ya Kiyama, mbingu itakapopasuka, wala si nyota moja kuzeeka. Nebula za namna hii zijulikanazo ni maelfu.

Iko iliyo changa zaidi, Stingray, yaani samaki taa. Nyota yake ilipanda joto hadi nyuzi 60,000 hivi mwaka 2002, kisha ikaanza kupoa. Hubble iliipiga picha mwaka 1996 iking'aa. Ilipoipiga tena mwaka 2016, nuru ya oksijeni yake ilikuwa imefifia karibu mara 1,000. Wanafalaki wenyewe (nasema wanafalaki, si wapiga ramli) walistaajabu. Lau tungaliibandika aya juu yake mwaka 1996, leo tungemwambia nini kijana tuliyemfundisha kuwa ushahidi wa Qur'an ni picha ile?

Darasani kwetu Jicho la Paka bado limetundikwa. Maandishi ya chini tumeyaondoa, na mahali pake tumeandika jina lake, umbali wake na mwaka iliopigwa picha.

Wallahu a'alam.