Baraza la Kaunti na Maneno ya Watu wa Mashambani

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Neno tulilopewa kulisema leo si jepesi, kwa kuwa limekwisha kutugawa. Twaomba tusikilizwe mpaka mwisho, kisha uamuzi uwe wenu.

Mtakumbuka ya kuwa baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, kila gavana katika kaunti 47 za Kenya alipaswa kuunda baraza la mawaziri wake. Majina ya kaunti yetu ya Taita Taveta yalipotangazwa, maneno yalikuwa mengi, kwa sababu katika orodha ile hapakuwa na mtu wa upande wetu wa milima. Uchungu huo haujapoa. Kwa kuwa uchaguzi mwingine waja Agosti 2027, baadhi ya wanachama wamechanga Sh. 200 kila mtu, ili upatikane ujumbe wa wazee wa kumlaki gavana atakayechaguliwa, kabla hajaandika majina yake, na kumwomba kiti kimoja kwa ajili yetu. Fedha hizo zimo katika sanduku la Chama. Halmashauri iliombwa iende nyumbani, isikilize watu, kisha irudi na shauri. Ndiyo hii tunayoileta.

Tulianza sokoni, siku ya soko, tukaketi na wazee. Mzee mmoja alituambia hivi: "Karatasi haina mdomo. Mtu ndiye mwenye mdomo. Asiyekuwapo na lake halipo." Wenzake wote wakaitikia. Kwao wao, baraza ni kama karamu: asiye na ndugu jikoni atapewa ukoko.

Tukaenda bombani, tukawasikiliza mama zetu. Hao hawakuuliza waziri wa maji ni mtoto wa nani. Waliuliza kama anajua ya kuwa bomba la kwao lina maji siku mbili tu kwa juma. Mmoja akasema, "Hata akiwa mgeni kabisa, akiyaleta maji tutamwimbia."

Mwisho tukasimama na vijana wanaoendesha pikipiki. Wao walicheka. Walisema mabaraza yote ni sawasawa, na ya kuwa majina hubadilika lakini mashimo ya barabarani hayabadiliki. Kicheko chao, wazee wetu, kilitutia hofu kuliko hasira za wengine. Kwani mwenye hasira bado anatumaini, lakini anayecheka hivyo amekwisha kata tamaa.

Sasa isidhaniwe ya kuwa wazee wanaotazama majina ni watu wasiojua mambo. Wameyaona mengi. Tangu mwaka 1925 yalipoanza mabaraza ya wenyeji katika wilaya, chini ya macho ya Bwana Shauri, watu wetu walijifunza ya kuwa barabara hufuata nyayo za mtu mwenye kusikilizwa. Mwaka 1963 yakaja majimbo saba, yenye mabunge yao. Hayakuwahi kukomaa, kwani mamlaka yake yaliondolewa Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964. Baadaye, kwa miaka mingi, amri ilishuka kutoka Nairobi kwa Mkuu wa Mkoa, kutoka kwake kwa Mkuu wa Wilaya, kutoka kwake kwa chifu, na mwananchi akiwa chini kabisa, mikono nyuma, kofia mkononi. Mtu aliyelelewa hivyo akiuliza, "Nani wetu yuko kule juu?" huuliza jambo ambalo maisha yake yote yamemfundisha.

Na sheria yenyewe haimpingi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yamwagiza gavana, anapoteua mawaziri, aangalie jamii mbalimbali zilizomo katika kaunti, asiwasahau walio wachache, wala asizidishe jinsia moja kupita thuluthi mbili. Basi kama ingetokea siku moja jamii nzima imeachwa nje, au wanawake wote wamefungiwa mlango, Chama hiki kingekuwa cha kwanza kuandika barua. Mambo hayo hatuyalegezi hata kidogo.

Lakini tuhesabu pamoja. Katiba ya mwaka 2010 imeweka mpaka: katika kaunti yenye bunge la wajumbe 30 au zaidi, gavana hawezi kuteua mawaziri zaidi ya 10. Kaunti yetu ina wadi 20. Hata gavana akiwa mwadilifu kama mizani ya dhahabu, akampa kila waziri wadi yake, wadi 10 zitabaki bila mtu. Kuna Taveta, kuna Sagalla, kuna Kasighau, kuna Mbololo, kuna Mwatate na Bura, kuna milima ya Wundanyi. Na ndani ya kila wadi kuna vijiji, na ndani ya kila kijiji kuna mbari. Kila orodha itakayosomwa, mwaka wowote, itawaacha wengi zaidi ya itakaowachukua. Tukiifanya orodha kuwa ndiyo furaha yetu na ndiyo msiba wetu, basi tumejiandalia msiba mara nyingi kuliko furaha.

Tena tukumbuke ya kuwa katika mabaraza yaliyopita tuliwahi kupata mtu wa kwetu. Tulichinja mbuzi, tukaimba mpaka usiku. Alikuwa mtu mwema na mpaka leo twamheshimu. Lakini kisima tulichokitaka hakikuchimbwa. Tulipokutana naye alituuliza kwa upole, "Mliliandika wapi ombi lenu?" Tulikuwa hatukuliandika popote. Tulidhani ya kuwa jina lake ndilo ombi. Kosa lile lilikuwa letu, na halmashauri iliyokuwapo, ambayo baadhi yetu tulikuwa ndani yake, yakiri leo mbele yenu.

Kosa jingine letu lilikuwa la kubisha mlango usiokuwa wake. Mwaunajua msiba wa ndovu. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti yetu, yapata asilimia 62, imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa tangu mwaka 1948. Na ndovu hawajui kusoma mipaka. Mashamba yalipovunjwa, tulituma wazee kwa afisi ya kaunti. Walipokewa vizuri, wakapewa chai, wakaelezwa ya kuwa mbuga za taifa na wanyama wake wako chini ya Serikali Kuu. Nauli ya wazee watatu ikapotea, na msimu ukapita.

Kwa hiyo Halmashauri imeona yafaa kila mwanachama aujue mgawanyo wa kazi kama ajuavyo njia ya kwao. Kazi za kaunti ni hizi: zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, maji na usafi, masoko, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kazi za Serikali Kuu ni polisi, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu, na mbuga za taifa. Chifu naye ni mtu wa Serikali Kuu, si wa gavana. Anayemwendea waziri wa kaunti kwa habari ya mwalimu wa sekondari ni kama anayempelekea fundi cherehani jembe lililokatika.

Sasa tufike penye kiini cha shauri. Waziri wa kaunti, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, hawezi kutumia senti ambayo haikuandikwa katika makadirio ya fedha na kupitishwa na Bunge la Kaunti. Na makadirio hayo hayaandikwi siku moja, wala hayaandikwi gizani. Yana njia yake na yana siku zake, zilizowekwa na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012. Twawaomba mzishike kichwani kama mnavyozishika siku za mvua. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwekwa mbele ya Bunge la Kaunti. Kufikia tarehe 28 Februari, huwekwa waraka unaoonyesha ni fedha kiasi gani zitakwenda kwa kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe huletwa. Kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa, kwani mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Na Katiba yalazimisha ya kuwa wananchi washirikishwe katika kazi za Bunge la Kaunti, na kila mtu ana haki ya kupeleka ombi lake kwa maandishi na kujibiwa.

Wazee wetu, katika mikutano hiyo sisi tulikuwa wapi? Tuliuliza nyumbani. Mkutano wa wadi ulipofanyika, wengi hawakujua. Waliojua walikuwa shambani. Waliofika walikuwa wachache, wakakaa nyuma, wakasikiliza, wakarudi. Mmoja tu alisimama, mama muuza mboga, akaomba soko lipate choo na paa. Hakuwa na ndugu katika baraza. Lakini aliandikisha neno lake kwa karani wa mkutano, akalirudia mkutano uliofuata, na wa tatu. Leo paa lipo. Choo bado, naye angali anakidai.

Basi methali ile ya mzee wa sokoni ni ya kweli kabisa. Asiyekuwapo na lake halipo. Ila twaomba mtazame upya ni nani asiyekuwapo. Tulidhani asiyekuwapo ni mtoto wetu mezani kwa gavana. Kumbe asiyekuwapo ni sisi wenyewe katika mkutano wa wadi, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwetu, mahali ambapo hapana mlinzi wa kutuzuia.

Kuna neno la kujibu, na haifai tulifiche. Wengine katika Halmashauri walisema ya kuwa mikutano hiyo ni maneno matupu. Ya kuwa mambo hupangwa kwingine, na wananchi huitwa ili kutia sahihi tu. Hatuwezi kuapa ya kuwa haiwi hivyo mahali popote. Lakini twajibu hivi: ombi lililoandikwa, likatiwa tarehe, likapokewa na kugongwa muhuri, hata likikataliwa, laacha alama. Mwaka unaofuata twaweza kurudi nalo mkononi na kuuliza. Maneno yaliyosemwa kwa gavana juu ya kikombe cha chai hayana muhuri. Akiondoka gavana, yanaondoka naye.

Tena kiti cha kuombewa kina deni. Mtu aliyewekwa barazani kwa ajili ya upande mmoja, kila akisimama hutazamwa kama mwizi wa pande nyingine. Wenzetu wa Taveta nao wana mama zao bombani. Hatupendi mtoto wetu awe waziri wa maji wa mlima mmoja.

Kwa sababu hizo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta shauri hili likubaliwe au likataliwe. Fedha za mchango zisitumiwe kwa ujumbe wa kuomba kiti. Zitumiwe kuwapa nauli watu watatu, mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja, wahudhurie kila mkutano wa makadirio kwa mwaka mzima. Kijana awe mmoja wa wale waliocheka. Huenda akirudi na daftari mkononi kicheko kitabadilika. Kila mkutano uandikwe habari zake kwa Kiswahili chepesi, zisomwe kanisani, msikitini na sokoni. Na mwisho wa mwaka katika kitabu hiki cha taarifa, mahali hapa hapa, yachapishwe mambo tuliyoomba, yaliyopatikana, na yaliyokataliwa, ili kila mwanachama apime kama Sh. 200 zake zilipotea.

Na orodha ya mwaka 2027 itakaposomwa, akiwamo mtu wa kwetu, tutamshukuru Mungu. Asipokuwamo, yeyote atakayepewa maji atapata barua yetu mezani siku yake ya kwanza, yenye tarehe, yenye muhuri, na yenye nakala kwetu.

Tumesema tuliyotumwa. Wazee, shauri sasa li mikononi mwenu.