Giga moja kwa siku: maneno kwa vijana wa Bulengera juu ya michezo, intaneti na programu

Haya ni maneno niliyosema siku ya posho mbele ya vijana waliokusanyika katika sali moja ya PlayStation hapa komini ya Bulengera, mji wa Butembo. Nimeyaandika kwa wale ambao hawakufika. Fasi kadhaa nimeyaacha vile yalivyotoka mdomoni.



Mbele ya yote, aksanti kwa Papa mwenye sali. Amezima grupu yake saa nzima juu yetu, na kila mmoja hapa anajua saa moja ya posho mchana ni feza ngapi kwake. Kwa hiyo sitazunguka sana.

Nilipotuma habari ya mkutano huu kwenye kikundi, kuna yaya mmoja alinijibu hivi: "Watu wanachinjwa Beni na Lubero, ninyi mnaenda kuongea PlayStation?" Nililala na lile neno. Ni neno la haki. Asubuhi nikamuuliza: yaya, habari ya wale waliouawa uliipata wapi? Akasema, ku simu. Na mama yako akienda shamba, unajuaje kama barabara ni salama? Ku simu. Na forfe ikiisha saa kumi na mbili jioni, mama hajarudi? Hapo hakujibu tena. Basi, hiyo ndiyo maneno ya leo. Nitaanza na mchezo juu mchezo ndio sote tunaujua, lakini mega ambazo mchezo unakula ndizo zile zile ambazo mama anatafutwa nazo.

Haya. Nani hapa anasema PlayStation ni bora kuliko Xbox? Mikono juu. Sawa, karibu wote. Na nani amewahi kushika maneti ya Xbox hapa Bulengera? Mmoja. Unaona. Tunabishana usiku mzima juu ya mashine ambayo hatujaigusa, kama vile watu wanavyobishana juu ya Real na Barcelona bila kufika Uhispania. Si vibaya, mimi pia nabisha. Lakini ubishi wetu wa kweli ungekuwa mwingine: mashine gani inafanya kazi bila kuuliza intaneti?

Angalieni hapa ukutani. Ile PlayStation 2 ya Papa ni mashine ambayo aina yake ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, mwaka ambao wengi wetu tulikuwa tunazaliwa. Ilikuja kwetu mkono wa pili, kama vitu vyote ambavyo wafanyabiashara wa Butembo wanapitisha Kasindi. Unaingiza disko, unawasha, unacheza. Haikuulizi jina, haikuulizi neno la siri, haikuombi mega. Ikiharibika, fundi wa hapa anafungua, anasafisha lensi, inarudi kazini. Sasa chukueni PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024. Marekani ilianza kuuzwa karibu dola 700, na haina hata fasi ya kuingiza disko. Mchezo wote unashushwa kwa intaneti, au ununue kisomadisko pembeni kwa feza nyingine. GTA V kwenye kompyuta inaomba karibu gigabaiti 100. Mimi nikibahatika nanunua giga moja kwa siku. Fanyeni hesabu: miezi mitatu na zaidi, bila kufungua WhatsApp hata mara moja, kwa kushusha mchezo mmoja.

Ni vile vile kwenye simu. PES tuliyoikuta tukiwa batoto, Konami waliigeuza kuwa eFootball mwaka 2021. Wanasema ni ya bure. Ndiyo, kuichukua ni bure, lakini bila konekshoni huchezi. Ndiyo sababu wengi hapa mmebaki na Dream League, na kwenye kompyuta mmebaki na PES 2013. Watu wa Kinshasa wanatucheka kwamba tuko nyuma. Hatuko nyuma. Tumechagua kitu kinachofanya kazi katika hali yetu, na hiyo ni akili.

(Juu ya koltani iliyo ndani ya hizi mashine sitaongea sana, maana mnaijua habari ya Rubaya kuliko mimi. Madini yanatoka Masisi, yanakwenda kuwa sehemu ndogo ndani ya simu na konsoli, kisha yanarudi kwetu kama mashine ambayo hatuwezi kuilisha mega. Siku moja tutafanya mkutano wa hiyo peke yake.)

Sasa sikilizeni kisa hiki, juu wengi mnafikiri kampuni kubwa haisikii mtu. Mwaka 2013 Microsoft walitangaza Xbox One. Wakasema mashine itakuwa inaunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo inafungwa. Kiongozi wao mmoja akaulizwa: na wale wasio na intaneti? Jibu lake lilikuwa kwamba hao wabaki na mashine ya zamani, Xbox 360. Wachezaji wakakasirika, wakaandika, wakasema tutanunua ya mwenzake. Tarehe 19 Juni mwaka ule ule, mbele hata mashine haijaanza kuuzwa, Microsoft wakaondoa hiyo sheria. Hao walikuwa wachezaji tu, watu wa maneti mkononi kama ninyi. Hawakuchoma tairi.

Na sisi je? Sisi pia tumewahi. Mnakumbuka RAM? Kuanzia mwaka 2020 serikali ilianza kukata inite zetu kwa ajili ya kile walichoita rejista ya simu. Simu ya 3G au 4G ilikatwa dola 7 kwa mwaka, vipande vipande. Ulikuwa unaweka inite, unageuka, zimepungua. Watu wakapiga kelele nchi nzima, wabunge wakauliza feza zinakwenda wapi, na mwanzoni mwa 2022 waziri Augustin Kibassa Maliba akatangaza inaondolewa. Haikuondoka juu ya huruma. Iliondoka juu watu hawakunyamaza.

Nifike kwangu mwenyewe. Nilimaliza masomo, diplomi iko nyumbani ndani ya plastiki ili mvua isiifikie, na bado ni shomeri. Mwaka jana kulitoka kazi katika shirika moja, sitalitaja. Kuomba kazi ilikuwa kwa intaneti tu, mwisho saa kumi na moja jioni. Nikanunua giga, nikafanya partaji kutoka simu kwenda kwa kompyuta niliyoazima kwa ndugu, nikaanza kujaza. Fomu ilikuwa ndefu, kurasa sita. Nilipofika ya tano, konekshoni ikakufa. Nikaangalia: giga nzima imekwisha, na mimi nilikuwa nimetuma maandishi tu! Nikakimbia kutafuta inite, umeme wa kartye ukakatika, betri ya ile kompyuta ni ya dakika kumi. Saa kumi na moja na robo niliporudi, ukurasa uliandika kwamba muda umepita.

Nililaumu kampuni ya simu wiki nzima. Kisha rafiki anayetengeneza kompyuta akanionyesha mwizi wa kweli. Windows ikiona partaji ya simu, inaona ni Wi-Fi. Inafikiri uko Ulaya, nyumba yenye intaneti isiyoisha, na inaanza kushusha masasisho, ile tunaita mizajuri, nyuma ya mgongo wako. Haikuombi ruhusa. Dawa yake ni ndogo: unafungua mipangilio ya mtandao, unabonyeza jina la ile Wi-Fi ya simu yako, unatafuta palipoandikwa kwa Kifaransa Connexion limitée, unawasha. Basi. Ukibadilisha simu, unafanya tena. Ningejua hilo, pengine leo ningekuwa nawaongelea nikiwa na mshahara. Pengine si hivyo, lakini fomu yangu ingefika.

Nani hapa alijua hiyo? Watatu. Na katika sisi kuna watu waliosoma informatiki miaka mitano! Siwalaumu, nasema tu kwamba tulifundishwa programu kama vile kila mtu ana waya wa intaneti ukutani. Kwenye WhatsApp pia zimeni kule kujishusha kwa picha na video mkiwa kwa mega za simu.

Neno fupi juu ya Windows za kunakiliwa kwenye kle. Sitawahubiria, kompyuta nyingi za Butembo ziko hivyo, na bei ya leseni tunaijua. Lakini mjue kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za mkono wa pili hazikubali Windows 11. Kwa kuandika barua na CV, LibreOffice ni bure, ni halali, na ukiipata mara moja kwenye kle inafanya kazi bila mega hata moja. Rafiki yangu yule ameileta leo. Mwenye kle safi aje kunakili. Kle yenye virusi, tafadhali, ibaki mfukoni.

Sasa intaneti ya nyumbani. Hapa ndipo mimi na baadhi yenu hatupatani. Wengine mnasema Starlink itatuokoa. Machi 2024 ARPTC, wale wanaosimamia mambo ya simu na posta, walikataza kuitumia nchini. Mei 2025 wakatoa ruhusa. Nafurahi ruhusa ilitoka. Lakini dishi ni dola nyingi, kila mwezi ni dola tena, na inataka umeme usiokatika. Ni nyumba ngapi katika kartye yako zitaweza? Ninachopendekeza ni tuulize kwa maandishi kama nyumba kumi zinaruhusiwa kugawana dishi moja, na kwa masharti gani. Tuulize mbele ya kununua, ili mtu asije kutunyang'anya.

Na hata dishi haliondoi swali moja: nani ana mkono ku kisu? Disemba 2018, tume ya uchaguzi ilisema Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais juu ya Ebola na usalama, tungoje Machi. Nilikuwa na miaka 18, ingekuwa kura yangu ya kwanza. Beni watu walijipangia uchaguzi wao wenyewe tarehe 30, wakapanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga. Kesho yake serikali ikakata intaneti nchi yote, karibu wiki tatu. Kura hatukupiga, lakini intaneti tulikatiwa sawasawa na waliopiga. Tulikuwa na Ebola mjini, na habari ya wapi kuna mgonjwa ilipita kwa mdomo.

Kuna wazazi wanaotaka sali kama hii zifungwe. Nimeongea na wawili wao wiki hii. Haki wanayo juu ya batoto wanaokimbia masomo, na Papa amekubali: mtoto wa shule haingii mbele ya saa nane mchana, siku za masomo. Kijana wa miaka 25 asiye na kazi ni maneno mengine. Hapa ana kiti na wenzake, anatumia franga kidogo na mega sifuri. Mkimfukuza hapa, niambieni anakwenda wapi katika mji huu wakati huu.

Ninachoomba leo ni kitu kimoja, na hakichoshi. Daftari iko pale mezani. Kila unaponunua forfe, andika tarehe, saa, bei, mega ngapi, na saa gani imekwisha. Usiandike jina, weka kartye tu. Tufanye miezi miwili. Kisha tunakwenda nayo kwa kampuni zote, na nakala kwa meri na kwa ARPTC, tuone watajibu nini mbele ya kurasa zilizojaa. Mkiona kwamba ni sisi tuliokula mega zetu kwa mizajuri, tutaliandika hilo pia.

Papa ananionyesha saa. Kalamu moja imekwisha wino, mwenye nyingine ailete. Wa LibreOffice wapange mstari huku kushoto, wa mchezo wangoje grupu iwake.