Kurasa Zilizotawanyika



Injili ya leo, Yohane sura ya 6, yatusimulia jinsi Bwana wetu alivyowalisha watu elfu tano. Walipokwisha kushiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Yeye awezaye kuzidisha mikate hakukubali kipande kimoja kiharibike.

Karibu na mji wa Sohag, huko Misri, ipo Monasteri Nyeupe, ambayo Abate Shenute aliiongoza hadi kufa kwake mnamo mwaka 465 hivi. Karne nyingi baadaye wamonaki walikuwa bado wakiyanakili mafundisho yake kwa mkono, katika lugha ya Kikopti, juu ya ngozi. Vitabu hivyo vilichakaa na kufumuka, na tangu karne ya 18 kurasa zake zikachukuliwa na wakusanyaji wa Ulaya. Kardinali Stefano Borgia alipata nyingi, ambazo leo zimo Napoli na Vatikano. Elfu kadhaa zilifika Paris katika miaka ya 1880. Nyingine zimo Vienna, London na Kairo. Hata sentensi moja yaweza kuanzia mji huu na kuishia mji mwingine.

Wataalamu hawakukata tamaa. Walilinganisha mwandiko na namba za kurasa, na mwaka 2004 Stephen Emmel akatoa juzuu mbili zinazoonyesha mpangilio wa maandiko ya Shenute. Kurasa zimebaki katika makumbusho na maktaba zake, lakini sasa nyingi zajulikana ni za kitabu gani.

Ndugu zangu, sisi Wakristo wa Pemba tu kama kurasa hizo. Wengi wetu tulitoka bara: huyu askari, huyu mwalimu, huyu mchumaji wa karafuu. Mwaka mmoja tulimzika ndugu aliyesali nasi misimu mitatu. Tulipotaka kuwapasha habari wazazi wake, hakuna kati yetu aliyejua kijiji chao, nasi mapadre tukiwa wa kwanza. Jirani yake Mwislamu ndiye aliyejua, kwa sababu alikuwa amemwuliza.

Basi, kabla ya Dominika ijayo, kila jumuiya ndogondogo imtafute mmoja aliyeadimika. Imwulize jina lake, kwao ni wapi, na nani apewe habari akiugua. Makatekista wayaandike hayo daftarini.

Mungu, aujuaye mwandiko wake katika kila mmoja wetu, awabariki. Amina.