Cherehani Kilichokwama Hakijafa
Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru wa Tanganyika, Thorncliffe Park



Mwenyekiti ametupa dakika kumi na tano tuzungumzie vyerehani. Tunaona wengine mnatabasamu. Tarehe 9 Desemba watu hutarajia kusikia habari za Mwalimu, za mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro, za usiku ule wa 1961. Hayo waliotutangulia hapa mbele wameyasema vizuri. Sisi tumekuja na hiki mnachokiona mezani, cheusi, kizito kama gunia la mchele, na tunaomba mtusikilize hadi mwisho.

Sisi ni watu sita. Wauguzi watatu, dereva wa basi mmoja, mpishi mmoja na kijana mmoja wa chuo. Jumamosi tukiwa hatuna zamu tunakutana katika chumba cha pamoja cha jengo letu hapa Thorncliffe na kutengeneza vyerehani vya zamani. Hakuna anayetulipa. Wenye waume na wake wanajua kwamba tunalipa sisi.

Jambo hili lilianza mwaka 2020. Mnaukumbuka mwaka ule. Mtaa wetu ni wa magorofa yaliyojengwa mahali palipokuwa zamani uwanja wa mbio za farasi. Farasi waliondoka, tukaja sisi, familia kwa maelfu, tunapanda lifti zilezile na kufulia chumba kilekile. Corona ilipoingia haikuwa na kazi ya kututafuta. Barakoa za dukani ziliisha. Sisi wauguzi tulikuwa na za kazini, lakini jirani anayeendesha teksi hakuwa nayo, wala mama anayekwenda kufanya usafi usiku. Khanga na vitenge vya pamba tulikuwa navyo kabatini. Cherehani hatukuwa nacho.

Mwenzetu mmoja alikikuta cherehani cha Singer kwenye chumba cha kutupia vyombo vikubwa, chini ya jengo. Kilikuwa kimekwama kabisa. Gurudumu la mkono halikuzunguka hata kwa nguvu za dereva wetu. Tukataka kukirudisha tulikokitoa.

Kabla hatujakirudisha, mwenzetu alimpigia simu mama yake Moshi. Mama huyo alishona nguo kwa zaidi ya miaka 30, sare za shule hasa, na siku hizi sote tunamwita Bibi. Tulimwonyesha kwa video. Akatuuliza, “Mmekitia mafuta?” Tukasema hapana. Akasema, “Sasa mnakigombeza cha nini? Hicho hakijafa. Mafuta ya zamani yamekauka ndani yamekuwa gundi. Kitieni mafuta, mkalale.”

Tulifanya hivyo. Na kwa kuwa tumeahidi kwamba mtatoka hapa na ujuzi, tutaeleza hatua kwa hatua.

Kwanza, toa sindano, toa bobini na kikebe chake, toa kile kibati cha chini ya mguu. Utakuta humo vumbi na nyuzi zilizoshikana kama pamba ya godoro. Safisha kwa brashi ndogo na kibano. Mara nyingi kilichokwamisha cherehani ni kipande cha uzi kilichojisokota pale bobini inapokaa. Pili, tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapogusana na chuma. Mafuta ya kupikia hapana, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuwa gundi ya kesho. Kikiwa kigumu sana, kipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ili mafuta yaliyoganda yalainike. Tatu, kiache. Rudi baadaye, jaribu kuzungusha taratibu mbele na nyuma, ongeza mafuta, kiache tena. Usikilazimishe. Anayelazimisha huvunja.

Siku ya tatu gurudumu lilizunguka nusu. Ya nne likazunguka lote. Tulipiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Kwa cherehani hicho tulishona barakoa za pamba za tabaka mbili, tukaziweka kwenye kikapu karibu na mlango wa jengo. Mji wa Toronto ulipoagiza barakoa ndani ya sehemu za umma, tarehe 7 Julai 2020, kikapu chetu kilikuwa kimeshajazwa mara nyingi. Hatukudanganya mtu kwamba ni barakoa za hospitalini. Tulisema ni bora kuliko kwenda uso mtupu.

Tangu hapo ugonjwa wa vyerehani ukatuingia, na tumekosea mengi. Kosa la kwanza lilikuwa la wauguzi. Sisi tukiona kitu kichafu mkono unakwenda kwenye spiriti. Cherehani chetu cha pili kilikuwa na maua ya dhahabu mazuri ajabu. Tukakifuta kwa spiriti, na maua yakaja na kitambaa. Rangi na michoro ya vyerehani vya zamani hufunikwa na vanishi ambayo spiriti huiyeyusha. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, basi. Kile bado tunacho. Kinashona vizuri, ila kina kipara.

Kosa la pili lilikuwa la mapenzi. Tulimtumia dada mmoja wa Tabora cherehani cha umeme. Umeme wa hapa Kanada ni volti 120, wa nyumbani ni 230. Alikichomeka mwenyewe kwa furaha, mota ikatoa moshi kabla hajatia uzi. Ndugu zangu, mkitaka kutuma nyumbani, tumeni cha mkono au cha miguu. Na kabla ya kutuma, ulizeni bei ya huko, maana mara nyingi gharama ya kusafirisha chuma kizito hununua kipya Kariakoo, na fundi wa kukitengeneza yuko jirani. Hata hapa, cha umeme cha zamani msikichomeke kabla ya kukagua waya. Mpira wake ukishakuwa mkavu na kupukutika, ni hatari ya moto na ya maisha.

Tumejifunza pia kusoma namba. Namba ya Singer ikianza na herufi J, kilitengenezwa hapahapa Kanada, katika mji wa Saint-Jean, Quebec. Vingi tunavyookota vina J hiyo. Lakini vingi walivyotumia mama zetu Afrika Mashariki vilitoka Uskochi, kiwanda cha Kilbowie mjini Clydebank, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Herufi K katika jina kama 15K ni ya Kilbowie. Baadaye ikaja Butterfly ya Shanghai ambayo nyote mnaijua, na vingi vya vile vyeusi vilifuata umbo la Singer 15. Ndiyo maana fundi wa kwetu akipoteza bobini ya kimoja anatia ya kingine, na kazi inaendelea.

Sasa turudi kwa Bibi, maana yeye ndiye sababu ya kusimama hapa.

Bibi alikuwa na 15K ya miguu. Kwa cherehani hicho alilisha watoto watano. Binti yake alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi Bangalore, nauli ilipungua. Bibi aliuza cherehani. Hakumwambia mtu. Binti aligundua aliporudi likizo, akakuta meza ya sufuria pale kilipokuwa.

Shahada ilipatikana. Baadaye binti akaja huku. Wauguzi wenzetu mliosomea ng'ambo mnajua kilichofuata. Vyeti vilikaa kabatini tukisubiri barua, tukisubiri tafsiri, tukisubiri mtihani, tukisubiri leseni. Binti wa Bibi alisubiri miaka minne. Katika miaka hiyo aliogesha wazee kwa mshahara wa saa, akimwambia mama yake kwenye simu kwamba yuko hospitali. Hakusema uongo mkubwa, maana wagonjwa walikuwepo. Lakini alishindwa kumwambia kwamba cherehani kimeuzwa na kazi bado.

Kwa hiyo tulipoanza mambo haya, yeye alikuwa anatafuta kimoja tu: 15K kama ya mama yake. Alipekua maduka ya mitumba na matangazo. Alikuja kukipata ghorofa ya tisa ya jengo la jirani, kwa mama mmoja wa Kiismailia aliyezaliwa Dar es Salaam na kuhama na wazazi wake nyumba zilipotaifishwa mwaka 1971. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wetu, na tunasema hili watoto wakisikia. Alituandalia chai ya maziwa na kalimati, akatuambia cherehani hicho kilishona mtaani Kisutu kabla ya kuvuka bahari. Hakutaka hela. Alisema, “Mimi pia ni wa Desemba 9. Nilikuwa mtoto, nilipeperusha bendera.” Tulikaa kimya kidogo. Mama huyo yuko hapa leo, meza ya tatu, na tunaomba tumpigie makofi.

Tulikifanyia kazi miezi miwili. Mkanda mpya wa ngozi, mafuta, uvumilivu. Kikashona mshono ulionyooka kama mstari wa rula. Binti akampigia mama yake, akamwonyesha, akasema, “Mama, chako kimerudi. Tunakutumia.”

Bibi alikitazama muda mrefu. Akaomba asikie sauti yake, tukakanyaga. Kisha akasema, “Kinalia vizuri. Lakini mwanangu, macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano. Mimi sikuuza cherehani ili kirudi. Niliuza uende. Umekwenda. Hicho mpe mwenye macho.”

Siku hiyo ndipo binti alipomweleza mama yake ile miaka minne. Bibi akajibu kwamba alijua tangu mwanzo. “Muuguzi wa hospitali hampigii mama yake simu saa zile ulizokuwa unanipigia.”

Ndugu zangu, baada ya hapo tulibadili utaratibu. Zamani tulikuwa tunakusanya tu. Mwenzetu mmoja alikuwa navyo tisa katika nyumba ya chumba kimoja, mumewe analala miguu ikiwa juu ya kanyagio. Sasa cherehani kikishashona mshono ulionyooka, kinatafutiwa mtu. Viwili tu ndivyo tunavyobaki navyo vya kufundishia, na kimoja ni kile chenye kipara. Ile 15K ya Kisutu iko kwa mama mmoja kutoka Afghanistan, jengo letuletu, anayepunguza suruali za shule na kushona magauni ya Idi. Tulimpelekea siku ya theluji, dereva wetu akiibeba meza ya chuma mgongoni.

Hadi leo vilivyopita mikononi mwetu ni 23. Mnakumbuka waziri wetu mmoja aliyesema vyerehani vinne ni kiwanda, watu wakacheka nchi nzima. Kwa hesabu yake sisi tumefungua viwanda vitano na chenji imebaki.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, ukiona cherehani kimetupwa, usipite. Tupigie, tutakuja na toroli. La pili, mama zetu mnaojua kushona, njooni Jumamosi. Vijana wana mikono na wana intaneti, ila hawajui kusikiliza. Bibi anajua kosa la cherehani kwa mlio, akiwa Moshi. La tatu ni kwa wauguzi, wahandisi na walimu ambao vyeti vyao bado viko kabatini. Tunajua jinsi mtu anavyoanza kujiona amekwisha. Njooni hata kama hampendi kushona. Tuna fomu tulizokwisha kuzijaza sisi, tuna vitabu vya mtihani, na kuna chai. Yale tuliyosubiri peke yetu, ninyi msiyasubiri peke yenu.

Wazee wetu walituachia maneno mawili, Uhuru na Kazi. Uhuru tunausherehekea usiku huu. Kazi ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba cha pamoja, mlango wa nyuma. Njooni na nguo ambazo hamwogopi kuzipaka mafuta.

Heri ya Uhuru, na pilau liletwe.