Mtoto Mwenye Njaa Katika Nchi ya Mahindi



Tumekutana hapa Mazwi kutafakari juu ya mtoto mwenye njaa, hasa katika mwaka ambao mvua imekatika mapema na mavuno yamekuwa haba. Tunaposikia neno ukame, mawazo yetu hukimbilia Dodoma au Shinyanga. Taifa letu lilionja njaa ya 1973 na 1974, na tena ukame wa 2005 na 2006. Nyakati kama hizo macho ya wengi huelekea Rukwa, Mbeya, Iringa na Ruvuma. Hivyo sisi wa Ufipa tumezoea kujihesabu miongoni mwa watoaji.

Lakini ukweli unatuhukumu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Rukwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa uliotuzidi. Utafiti wa 2022 ulikuta bado ni karibu 50. Ikiwa ndivyo ilivyo penye mahindi, mvua zikikosekana itakuwaje?

Tutazame chanzo. Mwezi wa Februari, akiba ikiisha, mzazi mwenye shida huuza mahindi yangali shambani. Mnunuzi hupanga bei, na mwenye njaa hana nguvu ya kukataa. Mavuno yanapofika, gunia si lake tena. Mama huondoka alfajiri na jembe, mtoto huachiwa dada yake, na uji wake ni wa mahindi matupu. Tumbo hujaa, mwili haujengeki. Wazee wetu walitegemea ulezi, unaohifadhika kwa miaka, wakapanda na maharage juu ya matuta ya nyasi, yaani intumba. Anayetegemea mahindi peke yake, yakishindwa hana cha pili.

Haya si mapenzi ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mali ya dunia ni kwa ajili ya watu wote. Naye mjane wa Sarepta, katikati ya ukame, aligawa konzi yake ya mwisho ya unga, na unga wake haukwisha.

Basi tunawaomba mambo manne.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iweke akiba wakati wa mavuno, kila nyumba kwa uwezo wake, ili mwenye shida akopeshwe debe mwezi wa Februari, asiuze shamba bichi.

Pili, akiba hiyo isimamiwe na kamati yenye akina mama, hesabu zisomwe hadharani, na mtoto asaidiwe bila kuuliza dini ya wazazi wake.

Tatu, uji wa mtoto uchanganywe na ulezi, karanga, maharage au dagaa. Na akina baba wajue kwamba jambo hili ni lao pia.

Nne, mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tusingoje, wala tusimfiche kwa aibu.

Ndugu wapendwa, hatuna uwezo wa kuamuru mvua. Lakini kugawana kilichopo kumo mikononi mwetu, na kwa mtoto huyo hiyo si hisani. Ni haki yake.

Mungu awabariki.