Kwa nini mtoto anasahau?

Mama mmoja aliniambia hivi: "Huyu wangu ninamtuma, anasahau. Ninamfundisha, anasahau. Nikampiga." Basi leo tuongee juu ya kusahau.

Ndani ya ubongo kuna chembe nyingi sana, na kila moja inashikana na zingine. Mtoto akisikia neno jipya, chembe fulani zinaitana. Akilisikia tena na tena, pale zinaposhikana panapata nguvu. Chembe zinatengeneza hata protini mpya za kukaza kile kifungo. Ni kama njia ya shamba: ukipita mara moja, majani yanasimama tena. Ukipita kila siku, njia inabaki.

Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, moja kuume, moja kushoto, waganga wanaiita hipokampo. Ile ndiyo inapokea mambo mapya. Tunajuaje? Mwaka 1953, kule Marekani, munganga alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyeteswa na kifafa. Aliondoa sehemu kubwa ya hipokampo pande zote mbili. Kifafa kilipunguka, lakini Henry hakuweza tena kushika jambo jipya. Mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Lakini mtu aliyeongea naye akitoka nje na kurudi, kwake alikuwa mgeni! Aliishi hivyo mpaka 2008.

Sasa sikieni vizuri. Mtoto akilala, hipokampo inarudilia mambo ya mchana, na polepole inayapitisha kwenye sehemu za juu za ubongo yakae miaka mingi. Wanafunzi wangu wauguzi wanasoma usiku kucha, halafu asubuhi ya mtihani wanaangalia dari. Kwa hiyo, mama, usimwamshe mtoto saa tisa ya usiku aende kuchota maji.

Tena kuna damu. Ubongo unaokua unahitaji madini ya chuma. Malaria na minyoo ya tumbo zinapunguza damu. Mtoto analegea, masomo hayashiki. Fimbo haiongezi damu. Tangu miezi sita, pamoja na maziwa yako, mpe ndagala zilizosagwa, maharagwe, sombe, na nyama au maini ikipatikana. Na wewe mwenye mimba, meza vidonge vya damu tunavyokupa, usivifiche chini ya kitanda.

Angalia viganja vya mtoto wako. Vikiwa vyeupe, mlete tumpime damu, usingoje siku ya kupima kilo.