Orodha ya Wenye Kuhitaji ni Ushahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunausiana sisi na nyinyi kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo hurejea kila uchumi unapodhoofika, nalo ni fedha ambazo Serikali huwagawia watu wenye shida, na yale ambayo sisi raia huyasema na kuyatenda fedha hizo zinapofika.

Ndugu Waislamu, sote twaukumbuka mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona. Katika nchi yetu ya Kenya, amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, na tangu tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa. Mahoteli ya pwani yalikosa wageni. Madereva wa tuktuk walikosa abiria tangu jua linapokuchwa. Mama aliyekuwa akiuza mahamri alfajiri alikosa wa kumwuzia. Misikiti ilifungwa, na vyuo vya Qur'ani vikafungwa pia.

Tarehe 25 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza kutenga shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wazee, mayatima na wengineo walio dhaifu. Kisha baadhi ya familia zilizoandikwa katika orodha zikawa zinapelekewa shilingi 1,000 kwa wiki kwa njia ya simu. Hapo ndimi za watu zikafunguka. Wako waliosema kwamba kiasi hicho ni kidogo mno, si cha kushukuriwa. Wako waliosema kwamba fedha za bure huzaa uvivu. Wako waliouliza kwa nini fulani ameandikwa nao hawakuandikwa. Na wako waliopokea wakaona haya, wakaficha hata kwa jirani zao.

Ama kuhusu uchache, shilingi 1,000 haziondoi umasikini, na kudai zaidi kwa njia ya haki hakukatazwi. Lakini nyumba iliyobakiwa na unga wa siku moja hailioni fungu hilo kuwa dogo. Wahenga wetu walisema: aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Ama kuhusu uvivu, ni kweli kwamba dini yetu yahimiza kazi. Mtume (S.A.W.) alimsifu mtu achukuaye kamba yake akaenda kuleta mzigo wa kuni na kuuuza, akamweka juu ya yule awaombaye watu. Lakini je, mtu mwenye kamba mkononi, ambaye njia ya kwendea kuni imefungwa kwa amri, naye tumwite mvivu? Tusimhukumu mtu kwa kukosa kazi ambayo haipo.

Neno la tatu ndilo zito zaidi, nalo ndilo kiini cha hotuba yetu: nani huandikwa, na nani huachwa? Mwezi wa Julai 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia zenye dhiki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi iliyopata fedha zile, na kwamba baadhi ya waliohusika na uandikishaji waliwatanguliza jamaa na marafiki zao. Kwa hiyo aliyelalamika kwamba ameachwa hakuwa na husuda kila mara. Pengine alikuwa anadai haki yake.

Tazameni, basi, mafundisho ya dini yetu. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) alimfundisha Qabisa bin Mukhariq kwamba kuomba hakuwi halali ila kwa watu wa namna tatu. Wa kwanza ni aliyebeba dhamana ya deni kwa ajili ya kusuluhisha watu. Wa pili ni aliyefikwa na msiba ukaangamiza mali yake. Na wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, wakasimama watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakashuhudia kwamba kweli fulani amepatwa na ufukara. Je, hamwoni enyi ndugu? Kuutambua uhitaji wa mtu kumefanywa kuwa ni ushahidi. Orodha ya wenye kuhitaji si karatasi tu. Ni ushahidi, na kila mwenye mkono ndani yake ni shahidi atakayeulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Shahidi wa kwanza ni yule ashikaye kalamu, awe chifu, mzee wa mtaa au karani. Akimwandika shemeji yake asiyehitaji, akamwacha mjane wa nyumba ya pili, basi ameshuhudia uwongo mara mbili. Na akipokea chochote ili kuandika jina, na akumbuke habari ya Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya sadaka, kisha akarudi na kusema kwamba fungu hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hizo zingemfuata huko.

Shahidi wa pili ni mpokeaji. Asiseme uwongo juu ya hali yake, wala asijiandikishe mara mbili kwa majina mawili, kwani mla kwa miwili hana mwisho mwema. Lakini akiwa ni mhitaji wa kweli, asione haya. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar alipopewa kitu na Mtume (S.A.W.) alitaka apewe aliye mhitaji kuliko yeye. Mtume akamwagiza akichukue, na akamfundisha kwamba mali inayomjia mtu pasi na kuitamani wala kuiomba na aipokee, na isiyomjia hivyo moyo wake usiifukuzie. Wala mpokeaji asiwe mtumwa wa mwanasiasa kwa ajili ya fedha hizo. Fedha za hazina zimetoka katika kodi za raia wote.

Shahidi wa tatu ni sisi majirani, na sisi ndio tunaojisahau zaidi. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Baqara habari za mafukara ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, nao hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Hao wamo mitaani mwetu. Mfikirini mwalimu wa chuo, aliyekuwa akiishi kwa ada ndogo ya kila wiki inayoletwa na watoto. Chuo kilipofungwa, ada ilikatika siku hiyo hiyo. Lakini kanzu yake ilibaki safi, na salamu yake ilibaki ile ile, basi hakuna aliyelitaja jina lake. Orodha ilimkosa kwa kuwa sisi tuliomjua tulinyamaza. Na kila tunapomcheka hadharani aliyepokea, twamfunza mtu kama huyu azidi kujificha.

Sayyidna Umar, katika mwaka wa ukame mkubwa uitwao Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 wa Hijra, aliagiza vyakula kutoka nchi nyingine kwa ajili ya watu wa Madina na mabedui, na yeye mwenyewe akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate nafuu. Alitaka kuonja walichokionja raia zake.

Basi, ndugu zetu, dhiki nyingine ikifika, na orodha nyingine ikiandikwa, tufanye mambo matatu. Tumtaje kwa siri na kwa heshima jirani tumjuaye kuwa ni mhitaji. Tukatae kuandikwa iwapo hatuhitaji. Na atakayeachwa na orodha asiachwe na sisi, kwani zaka na sadaka hazingojei tangazo la Serikali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Ewe Mola wetu, wape viongozi wetu uadilifu, wape mafukara wetu riziki ya halali, na utujaalie sisi kuwa mashahidi wa kweli. Tusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.